Utepe wa Kijani: Askari wa Mpaka wa Ujerumani Mashariki na Sare Zao

Kijito cha Tannbach ni chembamba kiasi kwamba mtoto mkubwa anaweza kukiruka bila kulowa. Kinapita katikati ya kijiji cha Mödlareuth, kijiji cha wakulima wapatao 50, na kwa muda mrefu kilikuwa alama tu ya mahali mashamba ya mtawala mmoja yalipoishia na ya mwingine yalipoanzia. Wanakijiji hawakukijali sana. Walioana wakivuka, watoto wao walisoma shule moja, na wazee walikutana kwenye kilabu kimoja cha pombe. Vita vilipokwisha mwaka 1945, washindi waligawana Ujerumani wakifuata mipaka ya zamani ya majimbo. Ng'ambo moja ya Tannbach ilikuwa Thuringia, ikaangukia kwa Warusi. Ng'ambo ya pili ilikuwa Bavaria, ikaangukia kwa Wamarekani.

Mwaka 1952 ukapigwa uzio wa mbao kandokando ya kijito. Mwaka 1966 ukajengwa ukuta wa zege wa urefu wa mita 700, na Wamarekani wakaanza kukiita kijiji hicho Berlin Ndogo. Wa upande wa Bavaria waliweza kusimama barabarani na kuwatazama ndugu zao, hata kuwapungia mkono. Wa upande wa Thuringia walikatazwa kujibu. Aliyekuwa akihakikisha kwamba hawajibu ni kijana wa miaka 19 au 20 aliyesimama mnarani na bunduki ya Kalashnikov, amevaa sare ya kijivu yenye pindo la kijani.

Habari za kijana huyo husimuliwa mara chache. Ukuta wa Berlin umeandikwa hadi watu wamechoka kuusoma, na wote tunawajua wakubwa waliouamuru. Lakini ukuta haujilindi wenyewe. Mpaka kati ya Ujerumani mbili ulikuwa na urefu wa kilomita 1,393, kutoka Bahari ya Baltiki hadi Chekoslovakia, na juu ya hizo kulikuwa na kilomita nyingine 155 zilizoizunguka Berlin Magharibi. Katika miaka ya 1980 kazi ya kuulinda ilihitaji askari zaidi ya 40,000 waliopokezana usiku na mchana. Sare yao ilibadilishwa mara kadhaa katika miaka 44, na karibu kila ilipobadilishwa kulikuwa na jambo ambalo serikali ilitaka lionekane, au lisionekane.

Askari wa kwanza hawakuwa na sare ya maana. Polisi wa mpaka waliundwa Desemba 1946 katika eneo lililokuwa chini ya Warusi, nchi ikiwa na njaa na viwanda vikiwa magofu. Walivishwa kilichopatikana, ikiwa ni pamoja na nguo za jeshi la Hitler zilizobaki stoo, zikang'olewa alama na kutiwa rangi. Mpaka wenyewe ulikuwa hivyohivyo, wa kubahatisha. Watu waliuvuka msituni wakiwa na mikoba ya viazi, na aliyekamatwa aliweza kuachiwa akirudishwa alikotoka, au hata kupita kwa pakiti ya sigara.

Mambo yaligeuka tarehe 26 Mei 1952. Serikali ya Berlin Mashariki ilitangaza ukanda wa kilomita tano kando ya mpaka ambao hakuna wa kuingia bila kibali. Ndani yake ukawekwa ukanda mwingine wa mita 500 wenye masharti makali zaidi, na mwishoni kabisa kipande cha mita 10 kilicholimwa na kusawazishwa kwa haro ili kila unyayo uonekane. Wakazi zaidi ya 8,000 waliodhaniwa kuwa si wa kuaminika walihamishwa kwa nguvu katika wiki chache. Wengi walipewa saa chache tu za kufungasha. Polisi wa mpaka nao wakavishwa upya, safari hii kaki iliyoshonwa kwa mtindo wa Kirusi. Askari alisimama kwenye mpaka wa Ujerumani akionekana kama ametoka Moscow, na wananchi hawakulificha walilolifikiri juu ya hilo.

Ndiyo maana jeshi rasmi la nchi lilipoundwa mwaka 1956, swali la nguo lilichukuliwa kwa uzito. Willi Stoph, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa kwanza, alilieleza bunge kwamba jeshi la wafanyakazi na wakulima litavaa sare ya Kijerumani, si ya kuazima. Ikachaguliwa rangi ya kijivu cha jiwe, buti ndefu, kola yenye alama za fedha na mishono iliyomkumbusha kila aliyekuwa na miaka zaidi ya 20 sare aliyoiona kabla ya 1945. Kofia ya chuma ilikuwa na umbo jipya lenye mteremko mkali pande zote, lakini mchoro wake ulikuwa umefanyiwa majaribio na jeshi la Hitler katika miaka ya vita.

Kichekesho kiko ng'ambo ya pili. Ujerumani Magharibi, ambako majenerali wengi wa zamani walikuwa wamerudishwa kazini, ilikwepa sura hiyo na kuwavisha wanajeshi wake wa kwanza jaketi za mtindo wa Kimarekani ambazo watu walizicheka mitaani. Kwa hiyo dola iliyojitangaza kila siku kuwa adui wa ufashisti ndiyo iliyovaa nguo zilizofanana zaidi na za mafashisti, na iliyoshutumiwa kuwalea ndiyo iliyozivua. Sababu ya upande wa mashariki naiona ni nyepesi kueleweka. Serikali iliyowekwa na jeshi la kigeni ilihitaji kuonekana ya kienyeji kuliko ile iliyokuwa na uhakika wa wapiga kura wake.

Katika jeshi hilo jipya kila kikosi kilitambulishwa kwa rangi ya utepe mwembamba ulioshonwa kwenye mabega na kwenye mapindo ya sare. Askari wa miguu walikuwa na mweupe, wapiga mizinga mwekundu, wanajeshi wa anga wa buluu. Walinzi wa mpaka, ingawa wakati huo bado walikuwa polisi, walipewa kijani cha majani machanga. Mtu aliyepanda treni pamoja na kundi la wanajeshi waliokwenda likizo alitupia jicho mabegani tu, akajua nani anatoka mpakani. Wengi waliopita pale wamesimulia baadaye kwamba wenye utepe wa kijani walipoingia, mazungumzo ya abiria yalipungua.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti 1961 Berlin ilifungwa kwa seng'enge. Tangu 1949 watu zaidi ya milioni mbili na nusu walikuwa wameihama nchi, wengi wao vijana wenye ujuzi, na njia kubwa iliyokuwa imebaki ni jiji hilo. Siku mbili baadaye, kwenye kona ya Bernauer Straße na Ruppiner Straße, askari polisi mmoja wa miaka 19 kutoka Saxony, Conrad Schumann, alikuwa amesimama karibu na rundo la seng'enge ambalo bado lilifika mapajani tu. Alivuta sigara moja baada ya nyingine. Mpiga picha Peter Leibing alikuwa ng'ambo amemwelekezea kamera, ameambiwa kwamba yule kijana hatulii. Schumann alikimbia, akaruka, na hewani akaiachia bunduki yake iteleze begani. Picha ile ilizunguka dunia nzima: kofia ya chuma, buti, sare kamili, na mtu aliyemo ndani yake anaondoka.

Picha hiyo iliwatia wakubwa aibu, lakini iliwafundisha pia. Tarehe 15 Septemba 1961 polisi wa mpaka waliondolewa wizara ya mambo ya ndani na kuwekwa chini ya wizara ya ulinzi. Januari 1962 ikapitishwa sheria ya kulazimisha kila kijana wa kiume kutumikia jeshi miezi 18. Kuanzia hapo mlinzi wa kawaida wa mpaka hakuwa tena mtu aliyejiandikisha kwa hiari yake. Alikuwa fundi bomba, mwokaji mikate au mwanafunzi anayesubiri chuo, aliyeitwa kwa barua.

Hata hivyo si kila aliyeitwa alipelekwa mpakani. Usalama wa Taifa walipekua faili za ukoo wake. Mwenye shangazi Hamburg au kaka aliyetoroka alipelekwa kwingine. Waliobaki waliulizwa na maofisa kama wangekuwa tayari kutumia silaha dhidi ya mtu anayevuka. Aliyesita angeweza kupangiwa jikoni, stoo au kikosi kingine, na huenda akakutana na jibu lake miaka kadhaa baadaye alipoomba nafasi ya masomo. Waliokubali walipata mafunzo ya miezi sita, kisha wakapelekwa kwenye kombania zilizokaa kando ya mpaka. Kwa kawaida hawakupangwa karibu na kwao.

Kwenda lindo kulikuwa na taratibu zake. Askari walijipanga uani wakiwa na Kalashnikov na risasi 60, darubini, na chombo cha simu kilichochomekwa kwenye nguzo maalumu njiani ili kuripoti. Hapo ndipo ofisa aliposoma orodha: nani na nani, wapi, hadi saa ngapi. Kabla ya hapo hakuna aliyejua atalinda na nani. Wawili hawakupangwa pamoja mara kwa mara wakazoeana. Mmoja alikuwa mkuu wa lindo, mwingine msaidizi, na kila mmoja alitakiwa amwone mwenzake muda wote. Mmoja akiruka uzio, mwingine alipaswa kumzuia, hata kwa risasi. Kila kombania ilikuwa pia na watoa habari wa siri wa Usalama wa Taifa waliovaa sare ileile, wakila meza moja na wenzao. Baada ya orodha, ofisa alitoa amri ya zamu, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na maneno ya kuwakamata wakiukaji wa mpaka au kuwaangamiza.

Saa nane za lindo zilikuwa ndefu. Majira ya baridi yaliposhuka chini ya sifuri, walivaa suti nene zilizojazwa pamba, zenye kola ya manyoya ya bandia, na kofia yenye masikio ya kushusha. Tangu katikati ya miaka ya 1960 kombati zao zilikuwa na michirizi midogo ya kahawia juu ya kijivu cha kijanikijani, kama manyunyu ya mvua. Kitambaa hicho kilifanya kazi vizuri msituni. Mjini Berlin, juu ya mnara wa zege wenye taa kali pande zote, hakikumficha mtu yeyote. Askari alionekana toka mbali, na hilo lilitakiwa. Watalii wa upande wa magharibi walipanda majukwaa ya mbao kumtazama kwa darubini, naye akawatazama kwa darubini yake. Hakuruhusiwa kuwajibu wala kutabasamu, na vitu walivyomrushia, sigara au magazeti, ilibidi avikabidhi.

Ng'ambo hiyo ya pili nayo ilikuwa na walinzi wake. Ujerumani Magharibi iliunda polisi wa mpaka mwaka 1951, nao walivaa kijani. Pamoja nao walikuwapo maofisa wa forodha, Waingereza upande wa kaskazini na Wamarekani kusini. Walipiga doria hadi kwenye mstari, wakawaonyesha wageni mabango, wakapiga picha. Lakini hawakujenga kitu, na ukitaka kujua mpaka ule ulimlenga nani, waulize wajenzi.

Uzio wa mwisho ulikuwa wa wavu wa chuma wenye matundu madogo, urefu wa mita tatu, matundu ambayo vidole havikuweza kushika vizuri. Mbele yake, upande wa mashariki, ulikuwepo mtaro wa kuzuia magari. Ukuta wa zege wa mtaro huo ulisimama wima upande wa magharibi, na mteremko wake ulikuwa upande wa mashariki. Gari lililotoka magharibi lingeweza kutumbukia na kupanda. Gari lililotoka mashariki lingegonga zege. Kisha kipande cha udongo uliolimwa, upana wa mita sita, kisha njia ya magari ya doria iliyotandikwa vibamba vya zege vyenye matundu. Nyuma zaidi, mamia ya mita ndani ya nchi, ulikuwepo uzio mwingine wenye nyaya zilizopiga kengele kwenye chumba cha kamanda. Serikali iliita yote haya kinga dhidi ya ufashisti. Kitaalamu, ni kinga iliyogeuzwa ndani nje.

Mabomu zaidi ya milioni moja yalifukiwa ardhini katika miaka ile. Kuanzia mapema miaka ya 1970 vikaongezwa vitu vibaya zaidi: mitambo midogo ya kujifyatua yenye umbo la faneli, iliyofungwa kwenye uzio na kuunganishwa na waya mwembamba. Mtu au paa akigusa waya, vipande vya chuma vilifyatuka sambamba na uzio. Berlin Mashariki ilikana kwamba mitambo hiyo ipo. Mwaka 1976 Michael Gartenschläger, aliyekuwa amekaa gerezani miaka karibu 10 mashariki kabla ya kukombolewa kwa fedha, alivuka usiku akafungua mmoja, akauleta Hamburg kwa waandishi. Akarudi akachukua wa pili. Alipokwenda tena usiku wa tarehe 30 Aprili, kikosi maalumu cha Usalama wa Taifa kilikuwa kinamsubiri, wakamuua. Mitambo iling'olewa yote kufikia mwisho wa 1984, mwaka mmoja baada ya nchi hiyo kukopeshwa marki bilioni moja kutoka magharibi kwa msaada wa Franz Josef Strauß wa Bavaria. Kilichobaki kuzuia watu ni kijana mwenye Kalashnikov, na uzito wa kazi ukamrudia yeye.

Tarehe 1 Januari 1974 kulikuwa na mabadiliko mengine ya sare, madogo kwa macho. Kwenye mkono wa kushoto, karibu na kifundo, askari alishona utepe wa kijani wenye maneno ya rangi ya fedha: Grenztruppen der DDR, vikosi vya mpaka vya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani. Maana yake ilikuwa kwamba yeye si mwanajeshi wa jeshi la taifa tena. Wakati huohuo mjini Vienna yalikuwa yameanza mazungumzo ya kupunguza majeshi katikati ya Ulaya, na askari wasiokuwa jeshini hawahesabiki. Bunduki ilikuwa ileile, waziri wake yuleyule, na kuruta aliletwa kwa sheria ileile ya jeshi.

Nguo hiyo ilikuwa na siri nyingine ambayo wasafiri wengi hawakuijua. Kwenye vituo vya kuvukia, mtu aliyechukua pasipoti yako, akakutazama sikio kwa sikio akilinganisha na picha, alivaa sare ya vikosi vya mpaka, utepe wa kijani na vyeo vyote. Hakuwa askari wa mpaka. Wakaguzi wa pasipoti walikuwa maofisa wa Usalama wa Taifa, wenye mkuu wao, mshahara wao na amri zao, waliovishwa nguo za wengine. Wanajeshi halisi waliokuwa kituoni walifungua na kufunga mageti.

Baadhi ya wasafiri hao walitoka kwetu. Zanzibar ilikuwa ya kwanza Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki, mara baada ya Mapinduzi ya 1964, na nyumba za ghorofa za Kikwajuni ni kazi ya mafundi wake. Mwaka uliofuata, Dar es Salaam iliporuhusu ofisi ya ubalozi mdogo wa nchi hiyo, Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu Nyerere akawaambia wachukue na mwingine uliobaki. Vijana wa Kitanzania wakaenda kusoma Leipzig, Dresden na Berlin Mashariki. Wengi wao, kwa kuwa walikuwa na pasipoti za kigeni, waliweza kupita kituo cha Friedrichstraße kwenda magharibi na kurudi, jambo ambalo profesa aliyewafundisha hakuruhusiwa kulifanya.

Askari wenyewe walitoroka pia. Tangu ukuta ulipojengwa hadi ulipoanguka, walinzi zaidi ya 2,000 walivuka wakiwa na sare zao. Wengine walikufa kazini. Aliyejulikana kuliko wote ni Egon Schultz, sajini wa miaka 21 ambaye kabla ya jeshi alikuwa mwalimu. Usiku wa tarehe 5 Oktoba 1964 yeye na wenzake waliingia ua wa nyumba moja ya Strelitzer Straße ambamo vijana wa magharibi walikuwa wamechimba njia ya chini kwa chini, na watu 57 walikuwa wameshapita. Zikapigwa risasi, Schultz akafa. Serikali ikatangaza kwamba ameuawa na majambazi wa magharibi. Shule, mitaa na kambi za vijana zikapewa jina lake, na watoto wakafundishwa wampende. Baada ya 1990 mafaili yakafunguliwa. Mmoja wa wachimbaji kweli alimpiga risasi moja, lakini zilizomuua zilitoka kwenye Kalashnikov ya askari mwenzake, aliyelenga gizani. Usalama wa Taifa walilijua hilo tangu mwanzo. Mchimbaji aliyefyatua risasi alifariki kabla ukweli haujatoka, akiamini kwamba yeye ndiye muuaji.

Wa mwisho kuuawa kwa risasi katika ukuta wa Berlin ni Chris Gueffroy, kijana wa miaka 20 aliyefanya kazi ya kuhudumia hotelini. Usiku wa tarehe 5 Februari 1989 yeye na rafiki yake walifika kwenye mfereji wa Britz wakiamini kwamba amri ya kupiga risasi imefutwa. Risasi ilimpata kifuani. Askari wanne waliohusika walipewa nishani na marki 150 kila mmoja. Aprili mwaka huo kiongozi wa nchi, Erich Honecker, aliagiza silaha zisitumike tena kuzuia watu wasivuke, kimyakimya, bila tangazo. Ingetosha kuiagiza miezi miwili mapema.

Novemba 9 ilipofika, aliyekuwa zamu kituo cha Bornholmer Straße alikuwa Luteni Kanali Harald Jäger. Jioni, akila chakula, alimsikia Günter Schabowski, mmoja wa wakubwa wa chama tawala, kwenye televisheni akisema safari za nje ni ruksa, na kwa anavyojua yeye ni kuanzia sasa. Watu wakaanza kufika getini, mamia, kisha maelfu. Jäger alipiga simu kwa wakubwa wake mara nyingi na hakupata amri ya kueleweka. Kwanza aliagizwa awaruhusu wale wanaopiga kelele sana na kuwagongea mhuri juu ya picha, ili wasiruhusiwe kurudi. Yapata saa tano na nusu usiku akaamua mwenyewe: fungueni. Mlinzi aliyefungua mpaka, kama alivyoonekana kwenye picha za usiku ule, alivaa sare ya vikosi vya mpaka. Nchi nzima ilimwona askari. Kumbe ni ofisa wa Usalama wa Taifa mwenye miaka 25 katika kituo kilekile.

Vikosi vya mpaka vilibaki bila mpaka. Katika mwaka 1990 waliokuwa wakiulinda ukuta ndio waliopewa kreni na nyundo kuubomoa: vipande vya zege 45,000 hivi mjini Berlin, kila kimoja tani mbili na robo tatu. Mwishoni mwa Septemba vikavunjwa rasmi, siku chache kabla ya Ujerumani kuungana. Stoo zikamwagwa sokoni. Kofia, makoti, mikanda na utepe wa mkononi vikauzwa kwenye meza za barabarani mbele ya lango la Brandenburg, kwanza na wanajeshi wenyewe waliokosa mshahara, baadaye na wachuuzi, na zilipokwisha za kweli zikashonwa za bandia.

Mahakama zikawa na kazi ngumu zaidi. Katika kesi ya Gueffroy, aliyempiga risasi ya kifua alihukumiwa Januari 1992 kifungo cha miaka mitatu na nusu, na baada ya rufaa kikawa miaka miwili ya nje. Wanasheria wake walisema alitii sheria ya nchi yake. Novemba 1992, katika kesi ya kijana mwingine aliyeuawa mwaka 1984, mahakama kuu ya Ujerumani ilisema sheria inayoruhusu kumuua mtu asiye na silaha kwa kosa la kutaka kuondoka haikuwa sheria ya kumkinga askari. Zaidi ya watu 100 walipatikana na hatia kwa vifo vya Berlin peke yake. Askari wa kawaida karibu wote walipewa vifungo vya nje. Waliotoa amri walikwenda jela: Heinz Keßler, aliyekuwa waziri wa ulinzi, miaka saba na nusu, Jenerali Klaus-Dieter Baumgarten, mkuu wa vikosi vya mpaka, sita na nusu, Egon Krenz, kiongozi wa mwisho wa chama, sita na nusu. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliafiki Machi 2001.

Kuna wanaoona adhabu za vijana wale zilikuwa nyepesi mno, na wazazi wa waliouawa wana haki ya kusema hivyo. Mimi naona mahakama zilipima sawasawa. Kijana wa miaka 20 aliyevishwa sare kwa sheria, akapangwa na mtu asiyemwamini, alikuwa na nafasi ndogo ya kuchagua. Lakini aliweza kulenga pembeni, na walikuwapo waliofanya hivyo.

Ukibahatika kufika Berlin, usinunue kofia pale mjini. Nyingi hazikuwahi kuvaliwa na askari yeyote. Nenda Bernauer Straße, kiingilio ni bure. Kumejengwa ukuta wenye vidirisha vidogo vyenye picha za watu waliokufa kwa sababu ya ukuta wa Berlin. Idadi iliyothibitishwa na watafiti ni watu wasiopungua 140. Wanane kati yao walikuwa askari wa mpaka waliouawa kazini, akiwemo Egon Schultz. Kulizuka mabishano makali juu ya kuwaweka au kutowaweka vidirishani. Mwishowe majina yao yaliandikwa kwenye nguzo ya peke yake, kando ya ukuta huo, na hapo ndipo utakapoyakuta.